Faida za Kuvichukia Vitabu Vyako

Lagangabilili,
Jumapili, baada ya misa

Dada Oliva,

Shikamoo dada. Mfikishie shemeji shikamoo yake pia, na wapwa zangu uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na huko mbele utaona kwa nini. Kile kikohozi chako cha msimu wa baridi kiliisha? Na shemeji, mguu wake ulioteguka unamruhusu sasa kusimama darasani? Huku mvua za kwanza zimeshuka, wakulima wanapanda pamba, na tope jeusi la huku likishika kiatu haliachii mpaka ulikwangue kwa kisu. Ndiyo kazi yangu ya kila jioni siku hizi.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako hainipokei. Mwanzoni nilisingizia mtandao. Halafu nikaazima simu ya mlinzi wa ofisi, ukapokea kwa ile sauti yako ya kwaya, ukasikia ni mimi, ukakata. Nikamrudishia mlinzi simu yake, nikamwambia nimekosea namba. Basi nimekaa hapa na kalamu kama mwanafunzi, na ninakuomba kitu kimoja tu. Hasira zako zibaki palepale, sikukatazi, ila soma mpaka mwisho.

Nianze na linaloniuma. Mama amenipigia kwa simu ya jirani. Anasema alitoka kijijini akaja kwako Songea na debe la maharage mapya, na dada wa kazi akamwambia dirishani kwamba mama mwenye nyumba yuko kwenye siku za ukimya, haonani na mtu. Mama akakaa barazani mpaka jua likaanza kushuka, akaliacha debe mlangoni, akarudi Mbinga. Hakulalamika, wewe unamjua. Aliniuliza tu, "Gaude, ukimya ni ugonjwa gani?" Halafu akasema ana neno lake na wewe. Nikamwambia niambie mimi, nitamfikishia. Akakataa. Nikamwuliza mara tatu, na mara ya tatu akanikemea, "Ni neno la Oliva, si lako."

Siku za ukimya nazijua, dada. Ziko kwenye Ngazi ya Nne ya vile vitabu vyako. Mimi nisiyesoma nazijua, kwa sababu huku nilipo kila mtu anasoma. Ulidhani ni ninyi wa Songea peke yenu? Hapa Itilima ofisi yetu nzima ya kilimo ina vile vitabu vya jalada la njano. Watu hawaulizani tena umeamkaje, wanaulizana uko ngazi ya ngapi. Vimetoka sita, na cha saba kinasubiriwa hivi kwamba karani wetu ameshakiwekea nafasi kwenye rafu, pengo la kitabu kimoja, na ole wako uweke faili pale.

Cha kwanza ulinitumia wewe, nilipopangiwa kazi huku, na ndani umeandika kwa mkono wako, "Kwa mdogo wangu, panda." Nilikisoma kurasa arobaini. Nilijitahidi kwa ajili yako, Mungu anajua. Lakini yule mwandishi ananiita "wewe" kama mtu aliyenikuta naiba, na kila baada ya kurasa mbili kuna ndugu anayekuja kula kuku wake. Shangazi ni adui, binamu ni adui, mtu aliyekuja kukujulia hali ni mwizi wa muda. Nikajiuliza huyu bwana alilelewa na nani. Nikakifunga, nikakiweka chini ya mguu wa kitanda ulio mfupi, na kitanda kikatulia.

Ndiyo hivyo nilivyokujibu kwenye simu uliponiuliza nimefika wapi, nami nikaongeza maneno. Nilivyoviita vile vitabu siombi radhi. Nilivyokuita wewe, kasuku wa watu, kwa hilo naomba radhi kwa magoti yote mawili. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jiko, ukapigwa kwa ajili ya ukuta ule. Sikupaswa kukucheka kwa kitu unachokisoma.

Sasa nikusimulie jambo la huku, maana siwezi kukwambia ninachotaka bila kulisimulia.

Kwanza nikiri kwamba kuvichukia vile vitabu kumeninufaisha, tena kwa namna ambayo sikuitafuta. Unajua Wasukuma salamu zao. Mtu haanzi na shida yake. Mnasalimiana asubuhi yenu, mnaulizana nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, nyumbani tena, ndipo mtu anakohoa kidogo na kusema lililomleta. Wenzangu waliposoma Ngazi ya Pili wakaanza kukatisha salamu. Bwana shamba anashuka kwenye pikipiki, anasema "mwangaluka", kabla hajajibiwa ameshafungua daftari. Wakulima hawakugombana naye. Waliacha tu kumwambia mambo. Mimi niliyekuwa sina ngazi ya kuwahi nikakaa kwenye vigoda vyao mpaka mwisho wa salamu, na kwa sababu hiyo nikawa ndiye ninayepigiwa simu funza akionekana kwenye vitumba vya pamba, hata kwenye vijiji visivyo vyangu. Mkuu wangu akanisifia mbele ya kikao. Nikavimba kichwa kidogo, sikufichi.

Huo ndio mwanzo. Sasa sikia.

Kwenye ua tunaopanga tuko wapangaji wanne, na jirani yangu wa ukuta mmoja ni kijana anaitwa Masunga, wa idara yetu hiyohiyo. Mtu mzuri sana, mcheshi, mtoto wa Nassa kule Busega, ambako wanalima mpunga, wanavua na kufuga. Nilipofika huku sijui kitu ndiye aliyenionyesha kisima, fundi wa viatu, na mama wa maziwa. Halafu akaanza kupanda ngazi. Alipofika ya Tatu, ile ya kuwapunguza watu wanaokuvuta chini, alichukua karatasi akaorodhesha majina, akayakata kwa kalamu nyekundu moja moja. Aliibandika ukutani. Jina la kwanza lilikuwa la baba yake.

Nilimwuliza, "Mzee amekukosea nini?" Akanijibu, "Hajanikosea. Ila akija, anakuja na shida." Nilijisemea si ukoo wangu.

Jumatatu moja Masunga ananipigia simu yuko Bariadi, kwa rafiki yake wanayesoma pamoja. Anasema watu wa nyumbani wamemwambia baba yake yuko kwenye gari, anakuja bila taarifa, na yeye kesho anaanza siku zake saba za ukimya. Ameshawaomba wapangaji wengine, wamemwambia kila mtu abebe mzigo wake, ndivyo ilivyoandikwa. Mama mwenye nyumba angempokea, lakini alikuwa msibani Binza. "Gaude, wewe husomi," akaniambia, "kwa hiyo wewe unaweza. Mwambie nimesafiri kikazi, niko Dodoma. Atarudi mwenyewe."

Ningeweza kukataa kusema uongo. Sikukataa. Mzee alipoingia getini, mwembamba, mrefu, kofia mkononi, nilimtazama machoni nikamwambia mwanao yuko Dodoma. Akanishukuru, "Wabeja, mwanangu," akaketi kwenye ngazi ya mlango wa Masunga, akaanza kushusha alivyobeba. Mfuko wa mchele. Dagaa wamefungwa kwenye gazeti. Kibuyu cha maziwa ya mgando. Jogoo aliyefungwa miguu. Watu wa ua walichungulia madirishani, wakauona mzigo wote ule, na hakuna aliyetoka. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, nikafungua chumba changu nikamwambia baba, karibu ndani, utamsubiria kwangu.

Jina lake Mzee Maduhu. Nimekaa na watu wengi, dada, lakini sijawahi kukaa na mtu asiyechosha kama yule. Alinicheka kwa kusema "mwangaluka" saa tisa mchana, akanifundisha "mwadila" ya mchana, akanilazimisha niirudie mpaka mama wa maziwa akaitikia bila kucheka. Alikagua mashamba ya jirani kutoka kwenye ua, amesimama na mikono nyuma, akaniambia yupi amepanda mapema na yupi atalia. Alikataa kitanda, akalala kwenye mkeka, akisema kitanda kinampa ndoto za hospitali. Tulikuwa watoto tulipompoteza Baba, na mimi simkumbuki vizuri kama wewe unavyomkumbuka. Zile siku chache nilikuwa narudi kazini nikijua kuna mtu ataniuliza nimekula nini. Hiyo nayo iandike kwenye faida.

Jumatano narudi nakuta mzee amechuchumaa mbele ya mlango wa Masunga, anaangalia chini. Akaniambia bila kugeuka, "Mwanangu alikuja leo mchana, nilipokuwa nimelala." Nikasema baba, yuko Dodoma. Akaweka kidole kwenye tope. "Hii ni pikipiki yake. Gurudumu la nyuma lina kiraka, niliziba naye mwenyewe pale nyumbani. Ameingia, amebeba kitu kizito kidogo, ametoka." Mtu aliyefuata nyayo za ng'ombe maisha yake yote, mimi nilidhani nitamficha pikipiki.

Nikamwambia ukweli wote, palepale, nimesimama. Nilitegemea ahamaki. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akatikisa kichwa, akacheka kwa puani. "Anadhani nimekuja kuomba," akasema. "Mwambie sikuja kuomba. Nimekuja kumwonyesha ng'ombe."

Sikuelewa, kwa sababu ng'ombe sikuwaona. Ndipo akanieleza. Kwao mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Anawawekesha kwa watu, huyu wawili, yule mmoja na ndama wake, wengine mbali kabisa huko Meatu na Maswa, ili ugonjwa ukiingia zizini au ukame ukishuka upande mmoja, usimalize wote. Anayewekeshwa anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki mwenye mali. Hesabu hiyo haiandikwi popote. Mwenyewe anaijua kichwani, rangi kwa rangi, pembe kwa pembe, ni mtoto wa ng'ombe gani, yuko kwa nani na kwa makubaliano gani. Mzee akiona nguvu zinapungua, anamkalisha mrithi wake mbele, anamwambia, na mrithi anarudia. Akikosea anarudia tena, mpaka imkae.

Nikamwuliza kwa nini asimpigie simu. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini mtu asibatizwe kwa simu. "Ng'ombe hawasemwi kwenye simu." Nikatoa daftari langu la kazi, nikamwambia basi nitajie mimi niandike, nitampa. Hapo akacheka kwa sauti. "Karatasi inasomwa na kila mtu. Na wewe ni mtoto mzuri, lakini si wangu."

Nilimtumia Masunga ujumbe jioni ileile. Haukufika, simu ilikuwa imezimwa. Sasa dada, sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo barua yangu ilipo.

Nilijua yuko Bariadi, na nyumba ya yule rafiki naijua. Alhamisi asubuhi ningeweza kupanda bodaboda nikamleta kabla ya chakula cha mchana. Sikwenda. Nilisema nina shamba darasa, na kweli nilikuwa nalo, lakini lingesubiri. Ukweli ni kwamba nilitaka amalize ukimya wake. Nilitaka Jumatatu arudi mwenyewe na kitabu chake kwapani, akute baba yake kwangu, akute mchele, akute kibuyu, aambiwe mbele ya ua mzima kwamba mzee alikuja kutoa na si kuomba. Hotuba nilishaiandaa. Nilikuwa naifanyia mazoezi nikikwangua viatu. Nilikuwa sahihi kuhusu vile vitabu, na nilitaka kila mtu aone nilivyo sahihi, na kwa ajili hiyo nikamwacha mzee asubiri Alhamisi, na Ijumaa yote.

Jumamosi asubuhi alikuwa ananawa uso pale nje. Nilisikia beseni linaanguka. Nilipotoka nilimkuta amelala ubavu, jicho moja linaniangalia, jingine haliangalii popote. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nikamwita, akajibu kitu ambacho hakikuwa neno. Wapangaji walitoka wote siku hiyo, na nisiwasingizie, walimbeba vizuri, na yule karani wa rafu ndiye aliyemshika kichwa njia nzima mpaka hospitali. Daktari akasema ni kiharusi, upande wa kulia umelala.

Nikapanda bodaboda kwenda Bariadi. Masunga alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitabu cha njano mapajani, simu iko kwenye droo. Aliponiona alinyanyua kidole akakiweka mdomoni. Ukimya. Nikamwambia, "Baba yako ameanguka." Kidole kikabaki palepale mdomoni, nadhani alikisahau. Kisha akasimama, akatoka bila viatu.

Sitakusimulia njia. Nitakusimulia kitandani tu. Alipiga magoti akamshika baba yake mkono wa kulia, na ulikuwa ule uliokufa, mzee hakuusikia. Akauhamia wa kushoto. Mzee alipomtambua, nakwambia dada, ule uso nusu uliobaki ulifurahi. Hakumkasirikia hata kidogo. Akaanza kuhangaika na mdomo, "ma, ma, ma," haiendi. Basi akauvuta mkono wake wa kushoto kutoka kwa mwanawe, akaupandisha taratibu mpaka kwenye kipaji chake, akakunja vidole, akavishusha vikielekea shavuni. Nikadhani anajikuna. Masunga akaelewa palepale, maana ni mtoto wa wafugaji. Ilikuwa pembe. Ng'ombe mwenye pembe ya kushuka.

"Ndiyo, baba. Pembe imeshuka. Yuko kwa nani?" Mzee, "ma, ma." "Kwa nani, baba? Meatu? Kwa nani?" Mzee akarudia pembe. Akashusha mkono, akaupandisha tena, akatengeneza pembe nyingine, ya kusimama. Na nyingine. Alimwonyesha mwanawe ng'ombe wake wote kwa mkono mmoja, na hakuweza kumwambia hata mmoja wao yuko wapi. Muuguzi akatuomba tumwache apumzike. Masunga akatoka, akakaa chini kwenye korido, akalia kwa sauti, na watu wazima wa huku hawalii hivyo hadharani.

Sasa mzee yuko kwao Nassa. Masunga amechukua likizo. Kila siku anakaa mbele yake anamtajia majina ya watu, mmoja mmoja, marafiki wote wa ujanani anaowasikia kwa wajomba zake, anasubiri mzee aitikie kwa kichwa. Wapo waungwana. Mtu mmoja alisikia habari, akatembea kutoka mbali na ng'ombe mwekundu na ndama, akasema huyu ni wa mzee, na huyu amezaliwa kwangu. Mzee akatoa machozi. Lakini wengine wamekaa kimya, na nani atawajua?

Nilikwenda kumtembelea wiki iliyopita. Nilimkiria Masunga kila kitu, Alhamisi yangu na Ijumaa yangu na ile hotuba. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Usijitwishe peke yako, Gaude. Na kitabu nacho usikitwishe. Kitabu hakikuja kuchukua nguo mchana baba amelala." Nikamwambia ng'ombe wataonekana polepole. Akasema, "Nani anasema ng'ombe? Alikuja na sauti yake. Alikaa siku tano na sauti yake, kwenye mlango wangu."

Kwa hiyo hizo ndizo faida zangu. Wakulima wananipenda, mkuu ananisifu, najua kusalimia vizuri mchana, na nilikuwa na baba kwa siku tano. Zote nimezipata kwa sababu mtu mwingine aliziacha mlangoni. Sizifurahii. Sijivuni tena kwamba mimi sisomi, kwa maana niliposubiri Masunga aaibike nilikuwa mkimya kuliko yeye.

Dada, sikuombi uviache vitabu vyako. Visome vyote, na cha saba kikitoka nitakununulia mimi. Inawezekana kuna mahali vimekusaidia ambapo mimi sikuwepo. Najua ulivyobeba nyumba yetu ukiwa msichana mdogo, na najua kila aliyegonga mlango wako miaka yote hii aligonga akiwa na shida, mimi nikiwa wa kwanza. Ukichoka una haki ya kuchoka. Ukitaka kunifungia mimi simu mwaka mzima, nifungie.

Ila Mama ana neno, na amekataa kuniambia. Sijui ni nini. Huenda ni dogo, huenda anataka tu kukwambia maharage yale yanaiva haraka. Lakini jirani yake ananiambia siku hizi akienda mtoni anapumzika mara mbili njiani, na mara nyingine anashika mkono wake wa kulia kama anaupasha joto. Nilipolisikia hilo nilikuwa nimeshamwona Mzee Maduhu, na sikuweza kulala vizuri tena.

Anayekuletea barua hii ni mwenzangu wa idara ya mifugo, mtu wa Mbinga, amekwenda likizo. Yuko Ngazi ya Pili lakini bado anasalimia watu, usimwogope. Atalala Songea usiku mmoja, na kesho yake asubuhi anapanda basi la kwenda kwao, linapita njia ya kwa Mama. Nimemwomba akukatie na wewe tiketi. Saa moja na nusu atakuwa stendi, na ameniahidi atamsihi dereva akusubiri mpaka kondakta amtukane.

Nisalimie shemeji yangu mwalimu, mwambie aendelee kuukanda ule mguu. Wasalimie wapwa zangu, mkubwa na yule anayenyonya kidole. Msalimie shangazi mlezi wangu wa ubatizo ukimwona kanisani, na dada wa kazi umwambie simlaumu, alifanya alivyotumwa, kama mimi nilivyofanya. Jirani wa Mama aliyetuazima simu umshukuru sana ukifika.

Ukifika, usimwulize habari za safari wala za shamba. Kaa mbele yake, aseme, halafu mrudie alichosema mpaka aridhike kwamba umelipata. Hutanisimulia mimi, si neno langu. Mimi nataka kujua tu kwamba umelisikia kwa sauti yake.

Nenda, dada. Mama bado anaongea.

Ni mimi mdogo wako uliyemfundisha kusoma,

Gaudensi